Shingo Iliyokataa Kulala Majini

Watu huwa na hasira na adui zao, au na jirani aliyeachia ng'ombe wakala mtama. Mimi kwa karibu mwaka mzima nilikuwa na hasira na shingo yangu mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto watatu, na kila Jumapili asubuhi niliingia katika lambo la mgodi kugombana nayo. Nikiiambia ilale, inanyanyuka.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtu wa pampu katika mgodi mdogo wa dhahabu, mwendo wa siku moja kwa baiskeli kutoka Geita kwenda upande wa Shinyanga. Mgodi wenyewe haupo tena, yamebaki mashimo. Mvua za kule ni za kubahatisha, kwa hiyo wenye mgodi walizuia kijito kwa tuta la udongo, na maji yaliyokusanyika ndiyo yaliyokuwa lambo. Katikati yake kulikuwa na chelezo, mapipa yaliyofungwa pamoja, na juu yake pampu iliyopeleka maji kwenye mashine za kusaga mawe. Kila siku majani yaliziba chujio la pampu, na kila siku mmoja wetu ilibidi aende kuyatoa. Tulikuwa watatu, tukipeana zamu.

Zamani kulikuwa na mtumbwi. Ukaoza. Tulipoomba mwingine, bwana injinia, Mzungu aliyetusimamia, alitupa tyubu ya lori yenye kiraka.

"Hii natosha," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe nakaa juu, napiga maji na mkono, nafika."

Siku kiraka kilipobanduka, zamu ilikuwa ya rafiki yangu, Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki aliyevaa rozari shingoni hata akiwa kazini. Nyumba zetu zilipakana ukuta kwa ukuta na watoto wetu walikula sahani moja. Nilikuwa ukingoni nikipaka grisi. Nikasikia ananiita, mara moja tu, na nilipotazama tyubu ilikuwa imenywea na yeye anapiga maji kwa mikono miwili. Nikajitosa.

Mimi ni Mzinza, nimezaliwa kando ya ziwa. Pale mgodini kila mtu aliamini kwamba najua maji, na mimi niliamini kuliko wote. Lakini sikilizeni tulivyofundishwa. Kwetu mtoto haingii ziwani mpaka mkubwa amepiga maji kwa fimbo na kutazama. Ukiogelea, kichwa kinakaa juu, macho kulia, macho kushoto, kwa sababu ukitia uso majini mamba ndiye anakuona wewe na wewe humwoni. Mama yangu alinichapa kofi la kisogo kila nilipoinamisha uso. Tuliogelea hivyo, wote, kama mbwa anayevuka mto, na kwa hatua ishirini za kuingia na kutoka ilitosha.

Haikutosha kufika kwenye chelezo. Kichwa kikiwa juu, miguu inazama, na ukishazama miguu unaburuta mwili wote kama gunia. Katikati ya njia mikono ilikufa. Maji yakaniingia puani. Rafiki yangu alikuwa mbele yangu, si mbali, namwona uso, naye ananiona. Nikageuka nyuma.

Nimeandika neno hilo moja kwa moja kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka. Niligeuka nyuma. Nilipoinua macho kutoka ukingoni, hakuwepo.

Ripoti ya mgodi ilisema marehemu alijiletea kifo mwenyewe kwa uzembe. Bwana injinia alisimama juu ya tuta, mikono mfukoni, akatueleza kwamba si kosa la mtu, Mwafrika ana mifupa mizito, majini ni jiwe tu. Alisema hivyo mbele ya mjane. Mjane hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, ulimfikia?"

"Nilikaribia," nikasema.

"Ulikaribia," alirudia, akakunja kanga yake, akaenda kupanda lori la kumrudisha Ushirombo. Hilo neno lake lilinikaa kooni kama mwiba wa sato.

Tuliobaki kwenye pampu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Msukuma wa Didia, mkulima hasa, mtu wa jembe, ambaye maji yakimfika magotini alikuwa anashika mti. Tukaletewa tyubu nyingine. Nayo ilikuwa na kiraka. Tuliomba mtumbwi kwa nyapara, nyapara akaomba kwa bwana, bwana akasema tusimchoshe. Ndipo nilipoapa kwamba kama mtumbwi haupatikani nitajifunza kuogelea kweli, kwenda na kurudi, hata nikiwa nimembeba mtu mgongoni. Siku za mwenzangu nitasimama ukingoni tayari, na sitageuka nyuma mara ya pili.

Sasa nani wa kunifundisha? Wazungu wa mgodi walikuwa na birika lao la kuogelea, lililojengwa kwa saruji, maji yake yanatoka kwenye lambo hilohilo alilofia rafiki yangu, ila yao yamechujwa. Kila Ijumaa nilitumwa kusafisha pampu ya birika. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mnene kiasi, aliyeogelea asubuhi bila kupiga kelele. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka unachoka wewe unayetazama. Nilifungua boliti polepole ili nimtazame. Uso wake ulikuwa ndani ya maji. Mdomo ulitokea kando, chini ya kwapa, ukanyonya pumzi, ukarudi. Mwili haukulala bapa, ulikuwa unalalia ubavu huu, halafu ule. Kiwiko kilitangulia juu, kiganja kikafuata, kikaingia mbele ya bega lake lenyewe bila kukatiza mbele ya kichwa. Na miguu! Mimi nilikuwa nikipiga mateke kama punda, yeye miguu ilikuwa inatikisika kidogo tu, karibu karibu.

Siku moja alishika ukingo akaniona.

"Wewe naangalia nini?"

"Naangalia pumzi, memsahibu. Unaitoa lini?"

Alicheka, lakini alijibu. "Ndani! Toa hewa ndani ya maji, pole pole. Juu, vuta tu. Kama wewe natoa na navuta yote juu, nachelewa, nazama."

Nilishukuru. Nikainama kuchovya mkono nione joto la maji yale. Uso wake ukabadilika. "Hapana tia mkono," alisema.

Basi nilimshukuru na nikamkasirikia siku hiyohiyo, na mpaka leo sijaamua lipi lilizidi.

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili ya kwanza nilisimama lamboni, maji ya kiunoni, nikatia uso. Nikahesabu moja, mbili, shingo ikanyanyuka. Nikatia tena. Moja, mbili, juu! Macho kulia, macho kushoto. Hakuna mamba katika lambo lile, hajawahi kuwepo, ng'ombe walikunywa humo kila jioni. Akili yangu ilijua hivyo. Shingo haikujua. Kofi la mama lilikuwa bado liko kwenye kisogo, ila sasa lilikuwa linafanya kazi ya kuniua. Nilitoka majini nikapiga teke debe la grisi likaviringika mpaka chini ya tuta, na kidole kikavimba.

Aliyelifuata debe ni yule mwenzangu wa Didia. Alikuwa amekuja kulinda nguo zangu, ingawa hakuna aliyezitaka.

"Bhabha, mbona unachungulia chungulia?"

Nikamweleza habari ya mamba. Hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akaweka debe kati ya magoti. "Basi wewe lala, nitachungulia mimi. Nikiona kitu nitanyamaza. Ukisikia debe, jua salama."

Akaanza kulipiga kama wanavyopiga ngoma kwao watu wakilima kwa pamoja, majembe yote yanashuka mara moja. Vuta, vuta, vuta, pumua. Masikio yangu yalikuwa chini ya maji lakini debe lilifika, dogo, la mbali. Shingo ikasikiliza. Ikalegea kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kwa sababu mtu mwingine alikuwa amepokea lindo.

Msidhani ikawa rahisi. Nilikunywa lambo lile mpaka nikaugua tumbo. Nilipovuta pumzi baada ya mkono wa tatu nilikuwa nageuza kichwa chote kutazama mawingu, kiuno kinapinda, miguu inazama, nami natukana kwa Kizinza. Ilinichukua wiki nyingi kuelewa kwamba kichwa hakigeuki peke yake, mwili wote unageuka nacho, na jicho moja linabaki majini. Nilikuwa nashika maji kwa nguvu kama mtu anayeng'oa kisiki. Nguvu ile ilinichosha bure. Nilipoacha kugombana, nikanyoosha mkono mbele na kuusubiri kidogo kabla ya kuvuta, hesabu ya mikono kutoka ukingoni hadi kwenye chelezo ilianza kupungua. Kwanza ilikuwa tisini na zaidi, tena nilifika nikiwa nakoroma. Ikashuka sabini. Ikashuka hamsini na nne. Nikawa nafika, nagusa pipa, nageuka, narudi, na pumzi bado ninayo. Nikafika safari tatu, nne, sita bila kusimama. Mke wangu alisema mabega yamenipasulia shati.

Na siku moja nilijikuta katikati ya lambo, pale hasa niliposhindwa, nikiteleza juu ya maji bila hasira yoyote. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mahali alipofia rafiki yangu, halafu nikaona haya, halafu nikafurahi tena.

Kambi haina siri. Nyapara alipeleka habari kwa bwana injinia, naye akaniita mwenyewe, kwa meno yote nje. Afisa wa serikali wa mambo ya kazi alikuwa anakuja kwa sababu ya kile kifo. Alikuwa ameandika barua kwamba mgodi ununue mashua, au uonyeshe kwamba una mtu anayejua kuogelea.

"Sasa mimi iko na wewe," alisema akinipiga bega. "Mashua ya nini?"

"Bwana, mimi ni mmoja. Siku za mwenzangu, na siku nikiugua?"

"Wewe nafundisha yeye," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kumfundisha! Mtu anayeshika mti! Sikulala vizuri siku zile, lakini nisijifanye mtakatifu. Nilitaka kuogelea mbele yao. Nilitaka yule aliyesema mifupa mizito asimame juu ya tuta lilelile aone Mwafrika anakata maji kama kisu, kwenda na kurudi mara sita, na ajue kwamba alisema uongo mbele ya mjane. Siku afisa alipofika niliingia majini nikiwa na nia hiyo.

Mikono kumi ya kwanza ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Vuta, vuta, vuta, na mdomo ukatoka kando, na jicho langu likaona ukingo. Bwana injinia anatabasamu. Afisa ana kalamu na karatasi. Vuta, vuta, vuta. Nyapara anapunga kofia. Vuta, vuta, vuta, nikamwona mwenzangu wa Didia. Alikuwa amesimama karibu na maji na debe lake chini ya kwapa, na tyubu imening'inia begani, kwa sababu mchana ule zamu ilikuwa yake. Alikuwa anacheka kwa furaha, ananifurahia mimi.

Kila pumzi iliniletea ile tyubu. Niliona kiraka chake.

Nikanyanyua shingo.

Nikaacha miguu izame. Nikapiga maji kama mbwa, nikameza, nikakohoa, nikapaza sauti. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwa jinsi niliyoiona kwa macho yangu mahali palepale. Sikuhitaji kubuni kitu. Kisha nikageuka nyuma, mara ya pili, watu wote wakitazama, nikatambaa tope mpaka miguuni pao.

Bwana injinia alicheka mpaka akashika magoti. "Mimi nasema nini? Jiwe! Jiwe tu!" Nyapara aliniita mwongo niliyemtia aibu. Afisa hakucheka. Aliandika, akakunja karatasi, akasema kitu kwa Kiingereza, na kicheko cha bwana kikakatika.

Mashua ilikuja kabla ya mvua, ya bati, imepakwa rangi ya kijani. Mimi sikuingia tena majini. Ningeonekana mara moja tu, wangeiuza. Mabega yakalegea, shati likanitosha upya, na kwa msimu mzima kambi nzima ilikuwa na kichekesho cha kusimulia. Hasira ya kicheko kile ninayo bado.

Siku ya kwanza ya mashua, yule wa Didia ndiye aliyeshika makasia. Alikuwa amejifunza haraka, na hakutaka mimi nishike.

"Kaa katikati, bhabha," alisema kwa upole, kama anamwambia mgonjwa. "Marehemu alikushika miguu siku ile, mimi niliona. Maji haya yamekukataa. Usirudi humo."

Nilikaa katikati. Alipiga makasia kwa hesabu ya kwao, ileile ya debe, akiimba chini chini: vuta, vuta, vuta. Na kila alipofika ya tatu shingo yangu iligeuka yenyewe upande, mdomo wazi, ikatafuta pumzi. Nikaishika kwa mkono ili asione.