Siku Niliyosafisha Maboksi ya Panya

Najua mmeshalisikia, kwa sababu Remera nzima hapa Kigali imelisikia, na hata dada yangu aliyeko Mwanza alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli nimewapa wageni panya wale. Sikumpa mtu panya ale. Naomba hilo lieleweke kwanza. Aibu niliyoipata inatosha bila kuongezewa chumvi, kwa hiyo kaeni niwaeleze mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na atakayecheka kabla sijamaliza atalipia hizi chai.

Kwa asiyenijua kazini, mimi ni daktari wa mifugo, ila ng'ombe niliachana nao zamani. Kazi yangu ni panya weupe, wale wadogo wa maabara, na kufundisha watu jinsi ya kuwatunza. (Ndiyo, watu hufundishwa kutunza panya. Ndiyo, kuna cheti chake. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani nafanya kazi hospitali.) Tuna pia chama chetu cha taaluma, na chama hicho kikija kukukagua kikaridhika, mafunzo yako yanatambuliwa, kisiporidhika, vyeti vyako ni karatasi za kufungia mandazi.

Ukaguzi wetu ulikuwa Jumanne. Na aliyekuwa anakaguliwa zaidi si mimi, ni Mzee Saidi. Huyu ni mtunzaji wetu wa wanyama, mtu wa Nyamirambo, amekaa na panya hao miaka kumi na saba, anawajua kuliko mimi ninavyowajua shemeji zangu, na hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Chama kimeweka utaratibu kwamba mtu kama yeye, aliyejifunza kwa mikono, akitembelewa kazini na chumba chake kikaonekana kiko sawa, anapewa cheti cha fundi mkuu na anaruhusiwa kufundisha wengine. Faili lake nililiandaa mimi mwenyewe. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu, na mkewe alishanunua fremu ya kukiweka hicho cheti ukutani.

Basi Jumatatu nikaenda Kimihurura kupeleka fomu ya mwisho, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri saa nzima nikiangalia sakafu. Jamani, ile sakafu! Unajiona mpaka pua. Hakuna vumbi, hakuna hata alama ya kiatu, na mlinzi ananiangalia miguu kana kwamba nimetoka shambani. Nikawaza, hawa wakaguzi ndio wamezoea mahali kama hapa, na kesho wanakuja kwangu, kwenye chumba kinachonuka panya. (Ni chumba cha panya! Kilitakiwa kinuke nini, waridi?) Nikapanda pikipiki kurudi Remera nikiwa nimeshaamua, na huo uamuzi mdogo ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Nilipofika nikamwambia Mzee Saidi, "Leo tunasafisha maboksi yote. Yote. Toa maranda, toa viota, osha kwa dawa ya javeli, weka vipya."

Mzee Saidi akasimama na chupa ya maji mkononi. "Dokta, yote kwa siku moja?"

"Yote."

"Na ya madume?"

"Mzee Saidi, nimesema yote."

"Basi kwa madume tuwaachie kidogo karatasi zao za zamani. Kidogo tu, Dokta, kwenye kona."

"Zina mikojo. Wageni wataziona."

Akanyamaza. Yeye akikuheshimu hunyamaza, akikuona mjinga pia hunyamaza, na sijawahi kujua tofauti.

Sasa niwaambie jambo moja ili muelewe ukubwa wa upumbavu wangu. Panya madume wanaoishi boksi moja wanajuana kwa harufu ya kiota chao. Ukisafisha, unawaachia kidogo cha kiota cha zamani ili harufu ibaki na amani ibaki. Ukiondoa kila kitu wanakuwa hawajuani tena, kila mmoja anamwona mwenzake mgeni aliyevamia nyumba yake, wanapigana. Hili ni somo la wiki ya pili. Linafundishwa na nani? Na mimi. Nina hata picha zake za kuonyesha ukutani.

Tulimaliza jioni. Chumba kiling'aa, kilinuka javeli mpaka macho yalitoka machozi, nami nikaenda nyumbani nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Jumanne nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikamkuta Mzee Saidi mlangoni amevaa koti lake jeupe lililopigwa pasi, kavaa na kofia yake ya kwenda msikitini, amependeza kweli, lakini uso umemwanguka. Alinifungulia mlango tu. Hakuna panya aliyekufa, namshukuru Mungu, ila madume walikuwa wameumana usiku kucha, mikia ina majeraha, migongo imenyofolewa manyoya, wengine wamejibana pembeni wanatetemeka. Nilitaka kulia. Wanyama hawakunikosea chochote.

Tukaanza kuwatenganisha, waliojeruhiwa huku, wakorofi kule, Mzee Saidi akiwapaka dawa mmoja mmoja kwa kidole. Maboksi ya akiba yakaisha. Nikakimbia kantini nikachukua zile ndoo ndogo nyeupe za plastiki zenye mifuniko, nane hivi, Mzee Saidi akatoboa mifuniko kwa msumari wa moto ili wapate hewa, tukaweka maranda na vyakula, tukawaweka humo.

"Sasa niandike kwenye daftari," akasema. Tuna daftari la kila siku, kila kinachotokea kwa mnyama kinaandikwa humo. "Walipigana, tumetenganisha, tumewatibu. Wageni wakisoma wataelewa, Dokta. Hii hutokea."

Hapo nilikuwa na mlango wa kutokea, umefunguliwa wazi, na mtu ameushika kwa ajili yangu. Nikasema nini?

"Usiandike. Leo daftari litasomwa!"

Nikabeba ndoo zote nikaziweka ofisini kwangu mezani, nikazifunika kwa kitambaa, nikamwambia Mzee Saidi atabasamu.

Saa tatu wakaja. Wawili: Madame Consolata, mwalimu mstaafu, mama wa Kifaransa kile cha zamani, anaongea taratibu na haachi kitu, na Bwana Kamali, aliyekulia Uganda, ambaye kazi yake ni kuandika kila unachosema hata kama ni kikohozi. Nikawakaribisha darasani mbele ya wanafunzi wangu kumi na wawili, nikaanza kuwaonyesha ukutani tunachofundisha, picha baada ya picha, nimechangamka, mpaka ikatokea moja nikaisoma kwa sauti kabla akili haijanifikia: "Usiondoe kiota chote kwa siku moja."

"Très bien, vizuri sana," akasema Madame Consolata. "Hii wengi wanasahau. Twende tuone mnavyofanya."

Tukaingia chumbani, javeli ikatupokea, Bwana Kamali akatoa leso. Madame akaanza kufunua maboksi ya madume. Kadi ya boksi la kwanza inasema panya wanne, ndani yuko mmoja. Ya pili inasema watano, ndani wawili.

"Docteur, wengine wako wapi?"

Nikafungua mdomo, na naapa sijui lile neno lilitoka wapi. "Wako mapumzikoni."

"Mapumzikoni," akarudia Bwana Kamali, akaandika.

"Naomba daftari la kila siku."

"Liko ofisini, Madame, nitalileta, ila chai iko tayari, tunywe kwanza, mmetoka mbali." (Walikuwa wametoka Kimihurura. Ni dakika kumi.)

Akaniangalia kidogo, akakubali. Nikawaza, wakiwa wanakunywa nitakimbia ofisini, nitaandika chochote, nitajua la kufanya. Tukarudi darasani, wanafunzi wakasimama kuwapisha wageni, na pale mbele Mama Divine wa kantini alikuwa anapanga meza ya chai, vikombe, chupa za chai, na ndoo ndogo nyeupe.

Sikuelewa mara moja. Kumbe Mama Divine naye alileta sambusa ndani ya ndoo zilezile za kantini, akaziweka mezani ofisini kwangu kando ya zangu wakati niko na wageni, halafu muda wa chai ulipofika akarudi kuzichukua, akabeba na baadhi ya zangu.

"Dogiteri, umefanya vizuri kutoboa mifuniko," akaniambia kwa furaha, mbele ya watu wote. "Sambusa iko inahitaji hewa, la sivyo inarowa. Ila hii moja iko nyepesi sana, nani amekula zingine?"

"Mama Divine, usifungue."

Akafungua.

Alipiga kelele moja, "Mana yanjye!", yaani Mungu wangu, akatupa mfuniko akatoka nje na kijiko chake. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotamani watu wangu wawe waoga. Ingekuwa mahali pengine wangekimbia, wangepanda juu ya viti, vurugu ingetokea na katikati ya vurugu labda ningepata la kusema. Lakini lile lilikuwa darasa la watunza panya. Hakuna aliyekimbia. Wote kumi na wawili walisogea, wakainama juu ya ndoo, na wakaanza kufanya kile nilichowafundisha.

"Dume," akasema mmoja.

"Ameumwa mkiani na mgongoni. Amepakwa dawa."

"Ni majeraha ya jana usiku."

Na Olive, mwanafunzi wangu bora, niliyekuwa najivunia, akanyoosha mkono kwa adabu kabisa. "Dogiteri, huyu walimubadirishia kiota chote mara moja?"

Nilipaswa kufurahi. Walikuwa wamefaulu, wote, bila kudokezwa. Nilikuwa natamani sakafu ipasuke.

Madame Consolata akaweka kikombe chini. "Bon. Nani aliagiza maboksi yote yasafishwe jana? Na nani ameweka mnyama kwenye chombo cha chakula cha watu? Na kwa nini daftari sijaliona?"

Bwana Kamali akafungua faili la Mzee Saidi lililokuwa mezani, kalamu ikiwa tayari juu ya ukurasa wa uamuzi, kwa sababu mwenye chumba kwenye karatasi zote ni yeye. Na Mzee Saidi, nikiwa bado natafuta uongo mwingine, akapiga hatua mbele, akavua kofia yake.

"Chumba ni changu, Madame," akasema. "Kinachotokea humo naulizwa mimi."

Nataka niwaambie ukweli kwa sababu tumeshakuwa marafiki. Sikuongea mara moja. Kwa muda mfupi, labda muda wa kuvuta pumzi mbili, nilimwacha asimame pale. Niliona njia ya kujinasua na nikaiangalia. Miaka kumi na saba ya mtu ilikuwa chini ya ile kalamu, na mimi nilikuwa nawaza jina langu. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, wala si sambusa.

Halafu nikasema. "Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Ni mimi niliagiza. Yeye aliniambia tuwaachie madume karatasi zao, nikakataa. Aliniambia tuandike kwenye daftari, nikamkataza. Ndoo nilichukua mimi. Mapumzikoni hakuna, Madame, wengine wako ofisini kwangu chini ya kitambaa."

Madame akamgeukia. "Ni kweli ulimwambia?"

Mzee Saidi akaangalia chini. Hata hapo hakutaka kunisema. "Dokta alikuwa na haraka," akajibu.

Wakaenda naye chumbani wao watatu, mimi nikaambiwa nibaki. Walikaa humo saa nzima na zaidi. Nilibaki darasani na wanafunzi kumi na wawili na chai iliyopoa, hakuna aliyenitazama usoni, na Olive kwa huruma akanisogezea kikombe akasema, "Ihangane, Dogiteri," pole, kama mtu aliyefiwa. Nilikasirika, nikajikasirikia, nikaikasirikia na ile sakafu ya Kimihurura.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, niliifungua mbele ya Mzee Saidi kwa sababu nilishajifunza kutoficha. Amepewa cheti cha fundi mkuu, bila sharti lolote, na wamesifu alivyowatibu wale majeruhi. Alisoma mara mbili, akakunja, akaomba ruhusa atoke nje kidogo, na nilimwona dirishani anampigia mkewe simu huku anafuta macho kwa kiwiko cha koti. Nikasoma ukurasa wa pili peke yangu. Mafunzo yetu yametambuliwa, ila mimi nimesimamishwa kufundisha vitendo mpaka nirudie kozi ya msingi, ile ya wanaoanza, tangu wiki ya kwanza, kila Jumamosi asubuhi, chini ya mwalimu mwenye cheti cha fundi mkuu. Na hapa Kigali, kwa sasa, mwenye cheti hicho tuliye naye karibu ni mmoja tu.

Kwa hiyo msiniite tena Jumamosi asubuhi. Sitaki harusi, sitaki kikao, sitaki chai. Nimeapa sitamwamuru tena mtu anayejua zaidi yangu kwa sababu tu mimi ndiye nina koti refu, na nimeapa kila kitu nitakiandika siku hiyohiyo, hata kikinichoma. Nakaa dawati la mbele, kati ya Olive na kijana mmoja aliyetoka kufuga sungura, nina kalamu na daftari jipya. Jumamosi iliyopita nilichelewa dakika tano kwa sababu ya mvua, nikaingia kwa kunyata, na Mzee Saidi, kwa heshima zake zote, bila kuinua sauti, akasema, "Karibu, Dokta," kisha akaniandika mchelewaji.