Rangi ya Mama Yake Otilia

Mjini Cholula, anayetaka kusifiwa uzuri huenda saluni. Anayetaka kuambiwa ukweli huenda kwa Hortensia, ambaye kwa miaka thelathini amechanganya dawa katika duka aliloachiwa na baba yake. Mikono yake ni myepesi, ulimi wake si mwepesi wa kubembeleza, na mimi nampendea yote mawili.

Asubuhi moja aliingia Otilia, mtarizi wa nguo za harusi. Mabaka ya kahawia yaliyomtoka usoni alipobeba mimba ya mwisho yalikuwa yamefifia kwa dawa, na sasa yalikuwa yamerudi palepale mashavuni. Wala hakukaa juani: alitarizi ndani, kando ya dirisha la kioo, krimu nyeupe ya kuzuia jua usoni kutwa. Wifi yake alisema ni hasira. Mama mkwe akasema ni joto la kikaango cha chapati za mahindi. Otilia akaona bora ahamishie kiti chumba cha nyuma, penye taa, lakini huko macho yalimshinda, maua yakaenda upande. Alikuwa amekuja kuuliza kama aache kazi.

Hortensia alimwambia kioo hupunguza miale inayounguza, lakini mwanga wenyewe, huu tunaoonea, hupita, na kwenye ngozi za maji ya kunde kama zao huamsha mabaka. Krimu nyeupe haiuzuii. Unaozuia ni unga wa chuma, ndugu yake kutu: mwekundu, wa manjano na mweusi.

Akapima unga huo, akasaga, akaukoroga ndani ya krimu, akampaka Otilia shingoni na kumsimamisha mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Krimu ikalingana na rangi ya ngozi yake hata isionekane. Otilia akatazama kioo, akakunja uso.

"Dada, umenitia giza. Nipe nyeupe kidogo kuliko hii."

Wote huomba hivyo. Miaka ya mwanzo Hortensia aliwapa, wakatoka wakimeta, na mabaka yakarudi. Hakurudia kosa hilo.

"Nikiing'arisha, chuma kinapungua. Utapendeza wiki mbili, kisha mabaka yaje na mizigo yao."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema umefanana na mama yako. Nani hapa mjini alikuwa mzuri kama yule?"

Mama yake Otilia alikuwa mweusi kuliko dada zake wote, na walimtania hadi kaburini. Otilia aliichukua chupa ya krimu, akatoka bila kuaga.

Miezi mitatu baadaye Hortensia alipita mtaani kwa Otilia akienda kanisani. Kiti kilikuwa kimerudi dirishani. Mabaka hayakuwa yameisha, ila ilibidi uyatafute. Otilia alimwona, akaweka sindano chini na kufungua dirisha.

"Dada Hortensia, chupa inakwisha. Nitengenezee nyingine, ileile ya mama."