Jino la Mpiga Tarumbeta

Nyumbani kwetu kulikuwa na midomo miwili. Wangu ulikuwa wa kusema, na majirani watakuambia hilo hata usipowauliza. Wa mume wangu ulikuwa wa kupuliza. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi, ile inayoitwa kwenye harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka na hata mazishi, na wenzake walimwita Mdomo. Mtu mpole kweli, ukimuuliza jambo anakohoa kwanza. Lakini akiliweka lile tarumbeta midomoni, we! Waliokaa walikuwa wanasimama wenyewe.

Tarumbeta halipulizwi kwa mapafu peke yake. Midomo inakandamizwa kwenye kile kipande cha kupulizia, na nyuma ya midomo yapo meno ya mbele, ndiyo yanayobeba uzito wote. Mume wangu alilijua hilo vizuri. Meno yake mawili ya juu, yale ya katikati, aliyaita "wafanyakazi wangu". Ungedhani basi atawatunza wafanyakazi wake. Thubutu! Alipiga mswaki asubuhi tu, harakaharaka kama mtu anayefukuzwa, kwa mswaki ambao nywele zake zote zilikuwa zimelala upande mmoja. Jioni alirudi amechoka, akanywa chai iliyojaa sukari, akajitupa kitandani na utamu wake mdomoni. Tarumbeta lenyewe alilisugua kila siku kwa kitambaa laini mpaka unajiona uso.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Tangu akiwa mdogo baba yake alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atatembea mbele yake, yeye mwenyewe na si mtu mwingine, kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani, akipuliza. Binti akinuna, baba yake alimwambia, "Nuna tu, siku yako nitakupigia wimbo wa mazishi." Basi wanacheka wote wawili mpaka nawafukuza jikoni.

Mambo yalianza na maji baridi. Siku moja tunakula, nikamwona amepiga funda la maji, uso ukajikunja, kisha akaegemeza kichwa pembeni na kuyapeleka maji upande wa pili wa mdomo. Kesho yake vilevile. Mara nikaona ameacha maji ya mtungini, anakunywa ya uvuguvugu kama mgonjwa.

"Hilo jino umemwonyesha mtu?" nikamuuliza.

"Jino gani?"

"Usinifanye mjinga. Hilo unalolikwepesha maji."

Akakohoa. "Kwa hiyo unataka wakaning'oe?"

Basi shida yote ilikuwa hapo, kwenye neno hilo. Kwetu mtu hasemi anakwenda kutibiwa jino. Anasema anakwenda kung'oa. Fulani yuko wapi? Amekwenda kung'oa. Baba mkwe aling'oa, mama mkwe aling'oa, shemeji zangu nao hivyohivyo, na kila mmoja alikwenda siku uvumilivu ulipomwishia, shavu limejaa na usingizi hana. Mume wangu alikua akijua kwamba mlango ule unaingia na jino, unatoka na pengo. Na mpiga tarumbeta mwenye pengo mbele ni nani? Ni mtu aliyebeba shaba tu.

Kwa hiyo akavumilia. Jino lilipoanza kuuma lenyewe, bila maji wala chochote, akaanza kubana karafuu, mara kusukutua maji ya chumvi, mara kumeza vidonge vya maumivu kama karanga. Jasho linamtoka, na bado anavaa sare ya bendi, anatoka. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni. Nikisema sana anachukua tarumbeta na kwenda kulisugua uani.

Halafu siku moja akaamka anatabasamu.

"Mama watoto," akaniambia, "limepona."

"Limepona vipi bila dawa?"

"Haliumi! Limenyamaza kabisa. Wewe una wivu na jino langu?"

Nilicheka, nikamshukuru Mungu. Nani asingeshukuru? Mtu aliyekuwa anauma mto usiku sasa analala fofofo. Wiki ile alipuliza vizuri, na binti yetu akaja na habari kwamba ameposwa. Nyumba ikajaa vicheko. Mume wangu akaanza kuchagua nyimbo, anazijaribu chumbani huku amebana mto kwenye kinywa cha tarumbeta ili majirani wasilalamike.

Lakini jino lile halikuwa zuri. Likaanza kubadilika rangi, likawa kijivu. Juu yake, kwenye ufizi, kikatokea kipele kidogo kama kile cha joto cha watoto, kinapasuka, kinajifunga, kinapasuka tena. Akasema anasikia chumvi mdomoni. Mimi nilisikia harufu, na nilimwambia wazi, maana nisipomwambia mimi nani atamwambia?

"Haliumi," akasema. "Kitu kisichouma ukapeleke kwa daktari ukamwambie nini? Harusi ipite kwanza. Harusi ikipita nitakwenda wakang'oe hata yote."

Harusi ikiwa imekaribia kabisa, kadi zimeshagawiwa, niliamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda anatetemeka kwa homa. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba mpaka umegusa pua, na jicho moja limefumba. Nilipiga kelele, nakwambia. Hakubisha tena. Nilimfunga shuka kichwani tukaenda.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mdogo, rika la binti yetu. Alimwangalia, akampiga picha ya meno, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Baba, maji baridi yalianza kukuchoma lini?"

Mume wangu akaangalia sakafu. Nikajibu mimi, "Zaidi ya mwaka."

"Wakati ule lilikuwa tundu dogo tu hapa katikati ya haya mawili. Tungeziba. Ungetoka hapa ukaenda kazini jioni ileile."

"Kuziba?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Hata lilipoanza kuuma, tungesafisha ndani ya mzizi, na jino tungeliacha mahali pake. Hatung'oi ila tukikosa njia."

"Lakini maumivu yaliisha."

"Yaliisha kwa sababu jino lilikufa. Ndipo usaha ukapata nafasi, ukaingia kwenye jino la pili, ukala na mfupa." Akaiweka picha mezani. "Unafanya kazi gani, baba?"

Nilimwambia mimi, na yule daktari akainamisha kichwa. Nilimpenda kwa hilo.

Walimpiga ganzi wakayatoa yote mawili. Njiani kurudi, kitambaa kikiwa mdomoni, alikuwa anarudia neno moja tu, "Kuziba. Kuziba." Mtu mzima mwenye mvi hakuwahi kulisikia neno hilo likiambatana na jino. Nilitaka kumgombeza, maneno nilikuwa nayo tele, lakini nikaishia kulia.

Uvimbe ulipopungua alijaribu kupuliza. Alifunga mlango wa chumba, nikawa nasikiliza jikoni. Ilitoka pumzi tu, fff, fff, kama mtu anayechochea moto. Baadaye walimtengenezea meno ya kuvaa, akajaribu nayo, yakawa yanacheza kila akikandamiza mdomo. Mfupa wa kuyashikilia haukuwepo. Siku hiyo alilifuta tarumbeta, akalipeleka kwa wenzake wa bendi, akarudi mikono mitupu.

Harusi ilikuwa imeshapita. Alipuliza mwingine, kijana wa bendi, na alipuliza vizuri, sitamsingizia. Binti yetu alitoka mlangoni analia chini ya shela, watu wakidhani analia kwa kuagana. Baba yake alisimama ukutani ndani ya suti yake, midomo ameifumba. Niliona vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vinabonyeza paja, vinafuata wimbo, mpaka bendi ikakata kona.

Tangu hapo akawa haongei kabisa. Herufi zilikuwa zinamponyoka. Akitaka kusema "sasa" inatoka "thatha", na watoto wa jirani walimcheka siku moja tu, ikatosha. Meno ya kuvaa aliyaacha kwenye glasi kabatini. Akilazimika kusema neno, anafunika mdomo kwa kiganja.

Juzi binti yetu alikuja kututembelea. Nilimpa maji ya mtungini maana jua lilikuwa kali. Akapiga funda, uso ukajikunja, akaegemeza kichwa pembeni na kuyapeleka maji upande wa pili.

Nilifungua mdomo, lakini baba yake alinitangulia.

"Tangu lini?"

"Nini, baba?"

"Hilo jino."

"Ah, si kitu. Haliumi, linachoma kidogo tu nikinywa baridi. Nitakwenda wiki ijayo nikang'oe."

Mume wangu akasimama. Kiganja kilikuwa mdomoni kama kawaida, akakiondoa. Alituangalia wote wawili na lile pengo lake wazi, wala hakugeuza uso.

"Hutang'oa. Utaziba," akasema. "Thatha hivi."

Hakuna aliyecheka. Akavaa viatu, akafungua mlango, akatoka. Binti akanitazama, kisha akachukua mkoba wake akamfuata, na wakaenda hivyo kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani, baba mbele na mwana nyuma, kimya kabisa. Nilizima jiko, nikafunga mlango, nikawafuata.