Kikapu cha Kimea Juu ya Meko

Kwetu Mpui, mwezi wa kwanza na wa pili ndiyo miezi ya kumjua mwanamke anayeliweza jiko lake. Mvua inanyesha, shamba ni la kijani mpaka macho yanaburudika, na ndani hakuna kitu. Mahindi mapya hayajakomaa, ya zamani yamebaki chini kabisa ya kihenge. Watu wa siku hizi wakiniambia kwamba kulisha watoto vizuri kunataka fedha, huwa nacheka. Fedha gani? Baba alikuwa amekwenda kwenye mkonge kutafuta kodi ya Mwingereza, na sisi tulichokuwa nacho ni kihenge, bustani nyuma ya nyumba na akili ya mama.

Na akili ile ilikuwa inatembea, jamani. Asubuhi aliingiza mkono kwenye kihenge, akapapasa, akatoka bila kusema, na hapo tulijua ugali wa leo utakuwa wa namna gani. Siku ya ugali mdogo mboga ilikuwa nyingi: majani ya maboga kwa karanga za kutwanga, au uyoga tuliookota porini. Siku nyingine tulikula kunde na viazi vitamu, ugali ukapumzika. Dagaa wa ziwani hakuwapika wazima, maana sisi wakubwa tungewamaliza kwa kikao kimoja. Aliwatwanga wakawa unga, akanyunyiza kidogo kwenye kila mboga. Hatukuwa tunashiba mpaka kulegea, lakini hatukulala njaa.

Aliyemshinda ni mdogo wangu wa kiume. Baba alipoondoka alimwacha mama na mimba changa, na mtoto yule bado ananyonya. Tumbo lilipoanza kuonekana, bibi, yaani mama mzaa baba, akasema mtoto aache ziwa siku ileile, maziwa ya mimba yatamdhuru. Mama akatii. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anaanguka, anainuka, anacheka. Baada ya muda akaacha kucheka, halafu akaacha kutembea. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi, za rangi ya kutu. Ukimpa ugali anageuza uso. Ukimpa uji mzito analamba kidogo, anachoka, utadhani kula ni kazi ya kulima.

Majirani wakanong'ona kwamba kabemendwa, wakiwa na maana kwamba wazazi wake hawakuwa na subira ya kungoja aache ziwa. Wapuuzi wakubwa! Mama aliyasikia yote, akaendelea na kazi zake. Ila kila asubuhi nilimwona akimnyanyua mtoto kwa mikono miwili, akimpima uzito, kisha anamweka chini taratibu na kwenda kuchochea moto. Jirani yetu alikuwa amemzika wa kwake kwa hali hiyohiyo mwaka uliopita. Mimi niliogopa hata kumshika mdogo wangu.

Sasa, juu ya meko yetu palikuwa na kikapu cha kimea. Ni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukawekwa kusubiri pombe. Bibi alikuwa amekiotesha mapema, kabla mvua hazijakolea. Kwetu Ufipa shamba la mwaka ujao huanzia kwenye matuta: mvua zikikaribia kuisha nyasi zinafukiwa kwenye matuta ya duara, juu yake panapandwa maharage, na msimu unaofuata matuta yanafumuliwa, panapandwa ulezi. Si kazi ya mwanamke mmoja mwenye mimba. Unaita majirani, wanakuja na majembe yao, na wewe unawapa pombe. Bila pombe hakuna matuta, na bila matuta mwakani mnakula nini? Bibi alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya uwanja, lakini kila akipita mlangoni kwetu alikitupia jicho kikapu kile.

"Hicho ni cha kijiji," alikuwa anasema. "Si cha nyumba hii."

Sijui mama aliwaza muda gani. Alikuwa amepika pombe tangu usichana wake, na alijua kwamba uji mzito ukitiwa kimea unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Siku moja akapika uji mzito wenye karanga, akauacha upoe kidogo, akapanda kigoda, akachota kimea, akasaga, akakoroga. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko ukaanza kumiminika. Akauweka kwenye kibakuli cha mtoto peke yake, sisi wengine tusiutie mkono. Mtoto akaonja. Akanywa. Halafu akakishika kibakuli mwenyewe, akakiinamisha mpaka uji ukamwingia puani. Mama akakaa chini akalia, na mimi nikalia. Lo, furaha ile sijawahi kuisahau.

Tangu siku hiyo alimpa kila siku, na kikapu kikaendelea kuning'inia palepale, kizuri kwa mtu anayekitazama kutoka mlangoni.

Siku ya kupika pombe bibi akakishusha. Kilivyokuwa chepesi, nusura kimrukie usoni.

"Kimea kiko wapi?"

"Nimempa mtoto, mama."

"Chote?"

"Kilichobaki ndicho hicho."

Bibi akakaa kwenye kigoda. "Wewe mke wa mwanangu, unataka kuniua kwa aibu? Kijiji kizima kije kunilimia, niwape maji?"

"Aibu nitaibeba mimi, mama," mama alisema. "Kaburi siliwezi."

Bibi akainuka. Akapika pombe kwa kile kilichobaki, amenuna, na pombe nayo ikanuna. Haikuchacha sawasawa. Ilitoka nzito na tamu, kitu cha kunywesha watoto.

Watu wakaja na majembe, wakafanya kazi vizuri mpaka jua likapanda. Walipopumzika mama akawagawia vibuyu. Jirani mmoja, mwanamume mwenye mdomo wake, akapiga funda moja, akakitazama kibuyu.

"Bibi, leo umetuita kulima au kutuachisha ziwa?"

Wakacheka. Halafu kicheko kikaisha, na mmoja akaanza kulifuta udongo jembe lake, mwingine akaangalia njia ya kwenda kwao. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado nyasi tupu. Mama alisimama pale na mtungi, macho chini, na mimi nikasema moyoni, basi tena, sasa bibi atamtaja mbele za watu.

Bibi aliinuka akaingia ndani. Alitoka na mdogo wangu, akamsimamisha ukingoni mwa matuta, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamnyooshea mikono. Mtoto akayumba. Miguu ilikuwa myembamba, uvimbe umekwisha. Akatembea, akajikwaa kwenye tuta, akaanguka, akainuka huku anacheka, akaja mpaka magotini kwa bibi. Wale wanawake waliokuwa wakinong'ona wote walikuwa pale, wanatazama.

"Pombe yenu hiyo inatembea," bibi akasema. "Anayeidai aje aichukue."

Yule aliyeangalia njia akamgeukia mtoto. Halafu yule jirani akachukua jembe lake.

"Hiyo imeiva," akasema, na akarudi kwenye tuta lake.

Wawili watatu waliondoka, sitadanganya, na shamba halikuisha siku ile. Tulilimalizia wenyewe pole pole, bibi akiwa mbele. Na msidhani alimwomba mama radhi. Thubutu! Lakini msimu uliofuata, wakati mdogo wetu mwingine amekwisha kuzaliwa na yuko mgongoni kwa mama, bibi aliotesha ulezi, akaukausha, akaja nao kwetu. Kikapu cha pombe alikitundika juu ya meko, mahali pake. Alikuwa na kingine mkononi, kidogo. Hicho alikitundika chini zaidi, mahali mama alipoweza kukifikia bila kupanda kigoda.