Udongo wa Kaburi la Malimi

Hebu mfikirie Paskalina akiingia uani kwa Bi Mbuke, kule Rujewa, asubuhi ng'ombe wakifunguliwa. Begi liko mgongoni, na kopo la kahawa kalikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Amechoka. Si uchovu wa safari, ni ule ambao hata ukimtandikia kitanda hajui usingizi aanzie wapi kuutafuta.

"Mwangaluka, mama," anasema. Kisukuma cha kubabaisha hicho, maana yeye ni Mhehe wa Kihesa.

"Mwangaluka, mkwe wangu. Umemleta?"

Ndivyo alivyouliza Bi Mbuke, hata habari za safari hakuzigusa. Mwanawe Malimi alizikwa kwenye sayari nyingine, na mwili haukuweza kurudi. Inapokuwa hivyo, watu huchukua udongo wa kaburini wakauzika nyumbani, ili marehemu naye ahesabike amerudi kwao. Shimo dogo lilishachimbwa karibu na kaburi la baba yake, jirani na mfereji wa majaruba ya mpunga.

Sasa subiri kidogo nikueleze walikotoka.

Kampuni moja ilikuja kutafuta watu wanaojua mpunga wakalime huko. Malimi akaenda na jembe lake, Paskalina akaenda kupika. Nchi yenyewe ni tambarare tupu, maji kila upande, na jua jekundu lisilozama, linazunguka tu ukingoni mwa anga kama mgeni asiyeaga. Wafanyakazi wakaiita Usangu Ndogo, kwa kufanana na bonde la mpunga la huku Rujewa.

Mapenzi yao yalianzia kwenye dirisha la jiko.

"Mhehe, leo umetia chumvi au umetia hasira?"

"Kula, Msukuma. Hiyo sahani ya tatu, na bado unalalamika."

"Silalamiki. Nahakikisha."

Wakakubaliana kwamba wakirudi wataoana. Kisha ukingo wa mfereji ukamporomokea Malimi, akafa.

Msimamizi akaagiza mwili uchomwe. Udongo wa huku hatujauelewa, alisema. Wenzake Malimi wakagoma. "Mtu si mabua," akasema Yakobo, aliyekuwa akilima naye jaruba moja. Wakamzika kama watu wanavyozikwa. Paskalina akachota udongo mkavu juu ya kaburi, akautia koponi kwa ajili ya mama mtu. Baada ya hapo ndipo akapiga magoti akalia, machozi yakalowesha pale alipoinamia.

Hazikupita siku nyingi, mtu akasimama kwenye dirisha la jiko, matope mpaka magotini.

"Mhehe, leo umetia chumvi au umetia hasira?"

Sauti ni yake, na pengo la jino ni lile lile. Yakobo alikimbia akaacha hata viatu. Paskalina hakukimbia. Wewe uliyewahi kufiwa usimcheke. Alimpakulia.

Akaishi naye. Lakini mtu yule hakulala kamwe, na mkono wake ulikuwa na baridi ya udongo wa chini. Siku moja Paskalina akamuuliza, "Malimi, yule ng'ombe uliyemchunga utotoni mlimwitaje?" Yule mtu akamtazama Paskalina midomo, akingoja. Akangoja tu. Hapo Paskalina akaelewa: yeye mwenyewe hakuwahi kuambiwa jina la ng'ombe yule, basi na huyu hana. Alichokuwa nacho chote kilitoka kwenye machozi ya Paskalina.

Uchungu ukamrudisha kaburini, akalia tena. Alipolala akaamka, akaona wanaume wawili jarubani, wamepinda mgongo ule ule. Wote wakainua vichwa. "Mhehe," wakasema pamoja.

Chombo cha kwanza kilichorudi duniani, akapanda. Wale wawili walisimama wakimtazama bila kupunga mkono. Paskalina hakuwahi kumwona Malimi akiaga, sasa wao wangejulia wapi?

Ndiyo yote hayo aliyomweleza Bi Mbuke pale uani, bila kuficha. Akamalizia, "Mama, udongo huu nimeutunza mkavu mpaka leo. Kuutupa nimeshindwa, ni Malimi. Lakini ukiuzika hapa na ukaulilia, ataota kama mpunga."

Ng'ombe wakapita, wakaisha.

"Huyo anayeota, anacheka kama mwanangu?"

"Anacheka, mama."

"Basi lete."

"Mama, si yeye! Hana kitu zaidi ya yale niliyoyajua mimi."

"Wewe umemjua juzi, mwanangu. Mimi nimemjua toka tumboni. Jina la ng'ombe ninalo. Surua yake ninayo. Nikilia mimi, atakuja kamili."

"Na ukilia mara ya pili?"

"Nitajizuia."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Mama akanyoosha mkono. Mkono mkavu, wenye mipasuko ya kupandikiza mpunga. Nyuma yake maji ya mfereji yalikuwa yakipita taratibu kuelekea majaruba ya watu wengine, kunakolimwa chakula cha watoto wa watu.

Paskalina akalitazama kopo. Akamtazama mama. Alikuwa amechoka mno, msomaji wangu, amechoka kumbeba peke yake mtu ambaye wanawake wawili wanampenda.

Haya, mkono wa mama mzazi umenyooshwa. Ungekuwa wewe ndiye uliyeshika kopo, ungelegeza vidole?