Tazama Masikio Kabla ya Kusifu Zizi

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kipande cha sabuni kwapani, naitukana nchi yangu. Mwanangu, nilikuwa kijana wa kuchekecha mchanga wa dhahabu mtoni, upande wa Kewanja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mdomo nilikuwa nao. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na duka letu la kijiji lilikuwa linauza vumbi.

Baba mkubwa Marwa, aliyenilea, alikuwa anamtoa ng'ombe kupe. Nikamwambia, "Wenzetu wana fedha za kigeni, wana dhahabu benki. Sisi hatuna kitu. Ni uvivu tu."

Hakupandisha sauti. "Mura, kijana wangu, zamani ukitoa shilingi yetu kule, mwenye duka aliitupa sandukuni bila kuitazama. Ulipokuwa unachunga ndama, akaanza kuigeuzageuza. Leo anaisukuma kwa kidole kama mavi ya kuku. Uvivu huo tuliupata lini? Ukikuta zizi la jirani limefurika na lenu lina samadi tupu, usianze kuhesabu pembe. Tazama masikio."

Kwetu kila ukoo hukata masikio ya ng'ombe kwa namna yake. Hata mwizi ampake matope, sikio humtaja mwenyewe.

"Dhahabu haina masikio," nikacheka.

"Basi ikate wewe."

Wiki ileile Katibu wa kijiji, Magige, akatuita uwanjani. "Ndugu wananchi, akiba ya taifa imekauka! Bila dhahabu hatununui mafuta wala dawa. Anayeficha yake ni mhujumu. Leteni, bei ya serikali inakuja."

Nilikuwa na chembe zangu ndani ya bomba la unyoya wa korongo. Hizo ndizo zilizokuwa ng'ombe wa mahari ya mchumba wangu Robi, binti wa Nyanungu. Niliziba kwa nta, nikafunga kwa singa za mkia wa ng'ombe mwekundu wa marehemu mama. Nikampa Magige. Nilitoa kwa moyo, mwanangu, usije ukadhani nililazimishwa. Nchi ilikuwa yangu.

Bei haikuja. Siku moja nikavuka tena kutafuta sabuni. Dukani kwa Nchagwa, Mkurya mwenzetu wa upande ule, karibu na mizani, nikauona unyoya wangu umesimama na wenzake. Singa nyekundu zilezile.

"Huu umeupata wapi?"

"Kwa katibu wenu. Kila mnada analeta." Nchagwa akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nyinyi Watanzania mna dhahabu hivyo, njaa mnaitoa wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mkutano uliofuata nikasimama. "Katibu, dhahabu yangu ina sikio, na sikio nimelikuta kwa Nchagwa."

Watu wakanipigia makofi. Magige hakutikisika. "Ng'ambo alifuata nini huyu? Mlanguzi! Mfungeni!"

Wakanifunga kwa kamba ya ng'ombe, nikalala mahabusu Tarime. Waliokuwa wakinipigia makofi mchana ule hawakunijua tena. Baba mkubwa peke yake alikuja na ugali. Nilipotoka, Robi alikuwa ameolewa, anapika kwenye mji wa mwanamume mwingine. Lakini Magige naye hakupelekewa unyoya tena, hata mmoja. Ni Magige aliyekula, na Nchagwa ndiye aliyemshikia sahani. Nilisema nikafungwa kamba, nitashindwaje leo?

Mwanangu, msomi atakuonyesha akiba za nchi mbili, moja inapanda, moja inashuka mwaka hadi mwaka. Tazama, usimbishie. Vita vilikula, najua. Ukame ulikula, mafuta yalipanda bei. Lakini muulize na hili: kilichopanda kule kilitoka zizi gani, na ni nani aliyefungua mlango? Usipime nchi kwa asubuhi moja dukani. Na anayekuibia asikuite mvivu ukanyamaza. Kusema kutakugharimu, mimi kulinigharimu mke. Sema hivyo hivyo.

Haya, nenda. Mungu akupe ng'ombe wanaozaa majike, na masikio yao yasikatwe mara ya pili na mwizi.