Gari ya Gaz ya Tonton Philémon

Tonton Philémon alikuwa mutu wa kuogopa mashimo. Wengine wakisikia hivyo wanacheka, na wakicheka mbele yangu ninakasirika, juu ya kuwa hawajui alichoona.

Alizaliwa Sake, kwenye mawe nyeusi ya volkano, na kule watoto wanajua mazuku mbele ya kujua kusoma. Mazuku ni hewa mubaya inayotoka chini ya udongo na kulala ndani ya mashimo. Haina rangi. Mbuzi akishuka mule hatoki. Tonton alikuwa na miaka tisa siku mudogo wake Almasi alishuka kumufuata mbuzi. Yeye alibaki ukingoni, akamuona mudogo wake anapiga magoti, halafu analala. Wakubwa walimutoa na kamba. Tangu siku ile tonton alikuwa na sheria moja ya maisha: chini ni kufa, juu ni kupona.

Alikuja Bukavu kijana, akaendesha magari ya shamba la chai miaka mingi, mwisho akanunua Toyota yake mwenyewe, ya mitumba, rangi ya maziwa. Kwa karatasi alikuwa na jina lingine, ile ya authenticité, wakati serikali ilikataza majina ya Kizungu, lakini nyumbani hakuna mutu alimuita nalo. Alijenga kule Kasha, na vitanda vyote vya nyumba ile vilikuwa na miguu mirefu mpaka wageni walihitaji kiti ya kupandia. Mi nilikaa kwake, mutoto wa dada yake, juu nilikuwa ninasoma secondaire. Nyumba ilipokuwa tayari alienda Sake kumuchukua mama yake, koko Feza.

"Yule amezika mutoto moja sababu ya hewa," alikuwa anasema. "Yeye mwenyewe, hewa haitamupata. Nimeapa."

Na kweli alimulinda. Koko akikohoa mara mbili, tonton alikuwa anafungua madirisha yote. Koko alikuwa anamucheka, akiwa na kiko yake mudomoni, moshi unamufunika sura. Alisema amezaa mwanaume, sasa amekuwa infirmière wa hospitali.

Mwaka 1981 essence, mafuta ya magari, ilipotea mu Bukavu. Magari yalipanga mustari kutoka asubuhi, wanaume wakala chakula ndani ya gari zao, na jioni mwenye station alitoka kusema hakuna kitu. Ndipo projet moja ndogo ilifungua kituo pale Nguba, kando ya ziwa. Walitoa gaz ndani ya maji ya Kivu, waliisukuma kwa nguvu ndani ya chupa nene za chuma, na gari ilitembea nayo. Walitafuta watu sita wa kujaribu. Tonton alikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Walimufungia chupa tatu nyuma ya cabine. Zilikula nusu ya pahali pa magunia, na watu wa soko ya Kavumu walimuuliza kama anaenda kupiga vita. Hakujali. Kujaza ilikuwa kazi ya asubuhi nzima: unafunga mupira wa gaz kwa chupa, compresseur inapiga kelele, mushale wa presha unapanda polepole. Ukiharakisha, chupa inapata moto chini ya mukono wako, mushale unaonyesha imejaa, halafu ikipoa mushale unashuka na unajua umejidanganya. Tonton alijifunza kungoja. Alipoza chupa na matambara ya maji kama mutoto mwenye homa. Kisha alipita mbele ya mustari wa essence, polepole kabisa, mukono inje ya dirisha, akisalimia kila mutu na jina lake. Alikuwa na majivuno, siwezi kusema uongo.

Fundi wa kituo aliitwa Aloys, mutu wa Kinshasa, mwenye miwani, aliyezungumuza Kifaransa na Lingala tu. Tonton hakusoma sana, basi nilienda naye kumutafsiria. Aloys alieleza mambo mingi, na mwisho akanyoosha kidole kwa manjanja, yale mabati ya paa. Alisema gaz hii ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja, inapanda. Garaji iachwe wazi juu kabisa, chini ya paa, na moto usikaribie.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Tonton alinitazama.

"Muulize kama amesha kuona mazuku."

Nilimuuliza. Aloys alisema hapana, amesikia tu, na ile ni gaz ingine, ile ni nzito.

"Zote zinatoka chini ya ziwa moja," tonton akasema. "Yeye alizisoma. Miye nilizika mutu."

Tulicheka, sisi wawili. Ninakumbuka vile nilicheka, na Aloys alivyovua miwani na kuipangusa. Mi pia nilikuwa mutoto wa Sake. Nilimuonea huruma, kijana wa muji mukubwa anayetaka kutufundisha hewa yetu.

Basi tonton alijenga garaji kwa akili yake. Chini ya ukuta alitoboa matundu sita ya kutoa gaz. Juu aliziba kila nafasi na simenti, abakishe joto, sababu Kasha inapiga baridi. Kati ya garaji na manjanja aliweka plafond ya mbao, chumba kidogo chenye dirisha moja na ngazi ya kupandia, pahali pa kukimbilia. Taa ya petroli aliitundika kule juu kabisa, mbali na gaz, na kila jioni iliwaka bila shida. Alitufundisha kama catéchisme: ukisikia harufu, panda. Usiulize, panda.

Ilifika siku ya Aprili, saa nane ya muchana, mvua kubwa. Tonton alikuwa ametoka Nguba, chupa zimejaa, akaingiza gari na kufunga mulango. Nilikuwa ninaosha sahani nikasikia sauti nyembamba, sss, halafu harufu ya mayai ya kuoza. Tonton alikuwa tayari chini ya chupa na ufunguo. Robinet ya chupa ilikuwa imelika meno, inazunguka bure. Alitoka na uso wa kijivu.

"Ninakimbia kumuita Aloys. Wewe mutoe koko, umupeleke kwa maman Martine."

Akaenda na mvua, bila koti. Maman Martine ni jirani, nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, hatua labda makumi tano. Nilimukuta koko kwenye chumba chake, kile kinachogusana na garaji, na harufu ilikuwa imeingia.

"Koko, twende."

"Na miguu hii?" Miguu ilikuwa imevimba tangu juma lile. "Na mvua hii? Itaniua mbele ya gaz yenu."

Nilimubembeleza, nikamugombeza, nikamuvuta mukono. Alikataa. Alikuwa na kichwa nguvu, na mi pia. Nilisikia ile sss ndani ya ukuta, nikaona mbele yangu shimo la Sake, Almasi anapiga magoti, na nikafanya kile nilichofundishwa. Nilimupeleka mpaka kwa ngazi, nikamusukuma kutoka nyuma, pole pole, koko anatukana kila kipandio, mpaka nikamufikisha kule plafond. Nilimukalisha juu ya gunia la maharagi. Mvua ilikuwa inamurushia maji, nikafunga dirisha.

"Huku kunanuka zaidi," koko akasema.

Nilisikia. Kulikuwa kunanuka zaidi, pua yangu iliniambia hivyo hivyo, na sikuiamini pua yangu.

"Itapita, koko. Hapa juu ni pahali pazuri."

Alifungua fundo ya kitenge chake, akatoa kiko.

"Nivute, nifukuze hii harufu?"

Na miye, Adèle, mwenye kusoma physique shuleni, mwenye kutafsiri maneno ya Aloys neno kwa neno, nilimujibu: "Vuta tu. Gaz iko chini."

Nilishuka, nikakimbia kwa maman Martine kumuomba wanaume wa kunisaidia kumubeba. Nilikuwa ninamueleza, kwamba nimemupandisha koko juu, amekaa salama, anavuta kiko yake. Maman Martine alikuwa anaitika, ameshika mwiko. Tulisikia kishindo. Haikuwa sauti ndefu. Niligeuka na manjanja yetu yalikuwa hewani, mingi, yanashuka polepole pamoja na mvua, na moja ilianguka barabarani kati yetu na nyumba.

Siwezi kueleza ilivyokuwa ndani ya kichwa changu. Nilisimama pale nikifikiri ni nyumba ya mutu mwingine. Nilifikiri: maskini, kwa nani? Maman Martine ndiye alinipiga kofi ili nitembee.

Tonton na Aloys walifika kwa pikipiki ya kituo. Gari ilikuwa imesimama pale pale, rangi yake ya maziwa, kioo kimoja tu kimepasuka. Chupa zilikuwa nzima. Yale matundu sita ya chini yalikuwa nzima, hata moshi haukuyagusa. Mutu angelala chini ya ile gari angeamuka na vumbi tu. Juu hakukuwa na kitu tena. Aloys alitazama pale paa ilikuwa, akatazama matundu, akakaa ndani ya matope na nguo zake za kazi. Hakutugombeza. Ningependa angetugombeza.

Koko alikufa mbele ya kufika hospitali, kichwa chake kwenye mapaja ya mutoto wake.

Kwenye kilio, siku ya tatu, alifika muzee Kasongo, kaka ya koko, kutoka Sake. Alisalimia, akakunywa maji, akangoja watu wanyamaze. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, kwa nini dada yake mwenye miguu mubaya alikuwa juu ya plafond, na ni nani alimupandisha kule.

Nilifungua mudomo. Tonton alikuwa amesimama tayari.

"Ni miye."

"Ulikuwa nyumbani?"

"Nilikuwa nyumbani. Ni miye nilimuweka juu."

Maman Martine alikuwa kando yangu, na mukono wake uligusa goti langu, juu yeye alijua. Niligeuza macho. Muzee Kasongo alisema, mbele ya jamaa yote, kwamba mutu aliyeua mama yake asikanyage Sake tena, wala kwa kilio, wala kwa ndoa, na mwili wake usipelekwe kule. Tonton alijibu, "Ndiyo, tonton," na akakaa.

Alikaa Kasha miaka tisa ingine. Tulikula kwenye meza moja kila siku na hakuniambia neno moja juu ya jambo lile. Tulimuzika hapa Bukavu, watu wa Sake hawakuja, na miye, pale kaburini, mbele ya watu wote, nilinyamaza tena.